Kofia Mbili za Bomba za Bibi Zaina

Ndugu zangu wa kundi hili, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. (Nguo ninayo. Nimevaa kitenge cha bibi yangu, kile chenye majogoo. Subirini, tutafika huko.)

Ninaandika kwa kidole gumba kimoja. Mkono wa pili uko kazini. Kwa hiyo makosa mutanisamehe, na yule wa kwanza kutuma zile sura za kucheka nitamtoa kwenye kundi. (Ninajua mimi si msimamizi. Nitamwomba msimamizi.)

Bon, haya. Munajua tangu nirudi kutoka masomo ya ufundi kule Kisangani, watu wa Alunguli, mtaa wetu hapa Kindu, wamekataa kuniita Enjenia. Nina karakana ya kuchomelea. Nina mashine. Nina kibao ukutani, nimekiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: ENJENIA SUMAILI, CHUMA NA HESABU. Mtu anapita, anasimama, anakisoma chote kwa sauti, halafu anaingia na kuniambia: "Kajiko, baiskeli yangu imevunjika."

Kajiko! Jina la utoto. Eti nilikuwa mtoto wa kulamba vijiko. Nina miaka thelathini na moja. Nina ndevu. Na bado Kajiko.

Sasa wiki tatu zilizopita nikaona njia ya kulizika hilo jina. Wakina mama watano wa sabuni walikuja karakana. Hawa wanatengeneza sabuni ya mawese, na mmoja wao ni Bibi Zaina, mama mzazi wa baba yangu. Mkubwa wao ni Mama Yozefina, mwanamke mwenye sauti ya kuita mtumbwi kutoka ng'ambo ya pili ya mto Lualaba. Kila mama analeta bido moja ya mawese, dumu la lita ishirini. Mawese lazima yatulie kwanza, uchafu ushuke chini, ndipo yapikwe sabuni. Siku zote walikuwa wanayatuliza katika masufuria matano, na kila mara ugomvi: mafuta ya nani yana uchafu, ya nani yana maji. Wakaona bora yachanganywe yote ndani ya chombo kimoja, basi.

"Kajiko," Mama Yozefina akasema, "tunataka tanki ya bido tano. Si ine na nusu. Tano. Mafuta ya muntu mumoja ikibaki inje, kikundi imekufa."

Hakuwa anatania. Mwaka jana walijaribu na pipa fulani, mafuta ya mama mmoja yakabaki nje, na yule mama akasema wamemfukuza kwa ujanja. Miezi miwili hawakusalimiana. Miezi miwili, na nyumba zao zinatazamana!

"Mama," nikamjibu, "bido tano ni lita mia moja. Hii ni hesabu tu."

(Kumbukeni hiyo sentensi. Mimi nitaikumbuka mpaka kaburini.)

Bomba nilikuwa nalo, la zamani, pana, sentimita thelathini kwa ndani. Tatizo ni kulifunga huku na huku. Ukilifunga na bati la kulala, uchafu unakaa pembeni na haukubali kutoka. Inatakiwa ile kitu ya mviringo, imebonyea kama bakuli, unaichomelea mwishoni mwa bomba. Sisi mafundi tunaiita kofia. Na kofia ya chuma ya upana ule, Kindu nzima haipatikani. Kuiagiza kutoka Lubumbashi ni kungoja treni. (Wa Kindu munacheka. Wengine muwaulize wa Kindu.)

"Kofia?" Bibi Zaina akasema. "Miye niko nazo mbili."

Akaenda nyumbani, akarudi nazo. Moja ilikuwa chini ya kitanda chake, imefungwa kwa kitambaa safi. Ya pili kuku walikuwa wanainywea maji. Babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa chuma kwenye reli, ndiye aliyeziacha. Wakati wa vita, njia zilipofungwa na chumvi ikawa kitu cha kuota tu, Bibi alikuwa anauza chumvi na kuipimia kwa kofia hizo. Hiyo habari niliijua tangu utoto. Niliijua nusu, kumbe.

"Sikia, bwana yangu," akasema. (Ananiita bwana yake. Munajua mambo ya bibi na mjukuu. Mke wangu amezoea, siku nyingine wananigombania kabisa.) "Hizi kofia mbili haziko sawa. Hii ya kitambaa njo ya watu. Hii ya kuku njo ya askari." ("Njo" yetu ni "ndiyo" yenu, ninyi wa mbali.)

"Bibi, kofia ni kofia."

Nikatoa futi yangu ya chuma. Nikapima ya kwanza kwa nje: upana, kimo. Nikapima ya pili. Sawasawa! Hata unywele haupiti. Nikawaonyesha wakina mama wote watano, mmoja mmoja, kama daktari anayeonyesha picha ya mfupa.

"Pima na ndani," Bibi akasema.

"Ndani haipimwi, Bibi. Ndani inahesabiwa."

Na hapo, ndugu zangu, nilijiona nimefika. Nikatoa unene wa chuma, nikachukua chaki, nikaandika ukutani. Upana wa ndani, thelathini. Mara thelathini. Mara thelathini tena. Mara pai. Gawanya kwa ishirini na nne. Jibu: lita tatu na nusu, na matone. Nikapiga mstari chini yake. Mistari miwili.

Bibi Zaina hajui kusoma namba za ukutani. Akaniuliza: "Umeona ngapi?"

"Lita tatu na nusu."

"Kopo saba," akasema, bila hata kufikiri. Kopo lake munalijua, lile la nusu lita analopimia kila kitu. Kopo saba ni lita tatu na nusu kamili!

Nikaruka. "Mumeona! Hesabu yangu na kopo lake wamesema neno moja!"

"Ile ya watu njo inakamata kopo saba," akasema. "Sasa, ile ya askari..."

Nikanyoosha mkono kumnyamazisha. Mimi. Bibi yangu. Mbele ya wenzake. Nikasema: "Bibi, tuache mambo ya vita. Chumvi haijui hesabu."

Mama Yozefina akaangalia chini. Bibi akafungua kitenge chake kiunoni, akakifunga tena, taratibu.

"Sawa, bwana yangu," akasema.

(Wewe unayesoma, kama bibi yako amewahi kukuambia "sawa" kwa sauti ile, unajua. Mimi nilikuwa ninajua pia. Nilifanya kama sijui.)

Halafu akaongeza: "Lakini tuweke neno. Bido ya tano ikikataa kuisha, utavaa kitenge yangu na utakoroga sabuni mbele ya watu wote mupaka ikauke."

"Na ikiisha?"

"Tutakuita Enjenia. Sisi wote. Hata ku soko."

Nikawapa mkono wote watano, mmoja baada ya mwingine. Wa Mama Yozefina niliusikia mpaka kwenye bega.

Bomba nikalikata sentimita mia moja thelathini na moja na nusu. Ile nusu muiangalie vizuri, mtu asiyejua kazi hakati nusu. Bomba lita tisini na tatu, kofia ya juu tatu na nusu, kofia ya chini tatu na nusu. Mia moja. Kofia ya kitambaa nikaiweka juu na kuifanyia mdomo wa kumiminia. Kofia ya kuku nikaiweka chini. Nilipoinyanyua niliona nzito kuliko mwenzake. Nzito kweli. Nikaisugua kinyesi cha kuku, ndani nikaona nyeusi, laini, nzuri. Nikasema moyoni: chuma cha zamani hicho, siku hizi hawatengenezi tena. (Chuma cha zamani! Na masomo yangu yote yale!)

Sasa tufike leo.

Asubuhi nimeoga, nimevaa pantalo, suruali nyeupe. Ndiyo, nyeupe. Kwenda kumimina mawese. Mke wangu alinitazama toka juu mpaka chini, akaniuliza: "Unaenda wapi, kuoa?" Nikamwambia enjenia havai matambara siku ya kukabidhi kazi. Akasema haya, sabuni iko. Sikuelewa mpaka baadaye kwamba alikuwa ananihurumia.

Tanki tulilisukuma kwa mkokoteni wa pusupusu mpaka uwanja wa Mama Yozefina. Nilidhani tutakuwa sisi saba, nane. Kumbe habari ya kitenge ilitembea! Majirani walikuwepo. Wauza samaki waliofika na mtumbwi kutoka Lokandu walikuwepo, beseni vichwani, hawakutaka hata kuzitua. Imamu wa msikiti wetu alikuwepo, anasema anapita tu. Katekista naye anapita tu. Wote wawili wamepita kwa saa mbili nzima, wamekaa kwenye ubao mmoja.

Nikalisimamisha tanki kwenye miguu yake. Lilipendeza jamani, hata hapo sitanyamaza, lilipendeza. Bibi Zaina akaja na beseni lake kubwa la kufulia, akalisukuma chini ya tanki, katikati ya miguu.

"Ya nini hiyo, Bibi?"

"Hapana kitu. Nimeitua tu."

"Hakuna kitakachomwagika."

"Ee. Nimeitua tu."

Mama Yozefina akauliza kama tungejaribu kwanza na maji. Swali zuri. Swali la mtu mwenye akili. Nikamjibu hivi, na mashahidi wapo: "Mama, maji ni ya fundi asiye na hesabu." Nikasikia katekista akisema "Mm!" Nikadhani ananisifu.

Nikapanda juu ya kiti. Bido ya kwanza, ya Bibi mwenyewe. Glu, glu, glu, imeisha. Watu wakapiga makofi. Ya pili, imeisha. Ya tatu, imeisha. Ya nne, imeisha, na mimi nikaanza kutoa maelezo kutoka juu ya kiti. Nikawaeleza maana ya pai. Mama mmoja wa samaki akasema: "Shuka kwanza, pai utatuelezea ukiwa chini." Watu wakacheka. Nikacheka nao, mtu mkubwa hakasiriki.

Bido ya tano ilikuwa ya Mama Yozefina. Alinipa mwenyewe, kwa mikono miwili. "Kajiko," akasema polepole, si kwa ile sauti yake, "angalia mafuta yangu isibaki inje."

"Leo ni mara ya mwisho kuniita hivyo," nikamwambia.

Nikaipindua. Glu, glu. Inaingia. Nusu ya bido imeingia. Robo imebaki. Nikaanza kuona mawese yanapanda ndani ya mdomo wa tanki. Mekundu. Yanang'aa. Yananiangalia.

Mtu mwenye akili angesimama pale. Mimi nikasema kwa sauti, watu wote wasikie: "Ni hewa! Kuna hewa ndani, itatoka!" Nikalipiga tanki kofi la ubavuni, ile hewa itoke. Na bido nikaiinamisha zaidi.

Hewa gani!

Mawese yalifurika kama maziwa yaliyosahauliwa motoni. Yakashuka kwenye kofia, yakashuka kwenye bomba, yakanirukia mimi. Magoti. Mapaja. Kiatu cha kulia kikajaa, nikahisi vidole vinaogelea. Nikataka kushuka, kiti kikateleza, nikalikumbatia tanki ili nisianguke. Kwa mikono yote miwili. Kwa shavu pia. Nikabaki hivyo, nimelikumbatia kama mtu aliyeachwa na mashua bandarini, na bido ya Mama Yozefina bado inaning'inia kwenye kidole changu, na ndani yake bado kuna mafuta.

"Enjenia!" mama mmoja wa samaki akaita. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu mtu kuniita hivyo. Beseni lake likamponyoka kichwani kwa kicheko.

Imamu akasema: "Asiyesikia la mukuu..." Na uwanja mzima ukaitikia, wakristo na waislamu, sauti moja: "Huvunjika guu!" (Guu langu ni zima. Ni pantalo.)

Bibi Zaina hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Alilivuta beseni lake kutoka chini ya tanki. Mawese yote yaliyoteremka yalikuwa mle, hayakugusa udongo. Akamimina humo na yale yaliyobaki kwenye bido. Halafu akatoa kopo lake kwenye mfuko wa plastiki (alikuja nalo! lilikuwa tayari!) na akaanza kupima, akihesabu kwa sauti.

"Moja."

Watu wakasogea.

"Mbili."

Kopo la tatu halikujaa. Lilipungukiwa na vidole viwili. Akaliinua usawa wa macho, akalizungusha, akalitazama vizuri. Kisha akanitazama miguuni.

"Ingine iko ku pantalo," akasema. "Kopo tatu. Sawa."

Ndugu zangu, mimi nimewahi kuanguka mtihani wa taifa, na matokeo yakasomwa redioni. Haikuwa hivi. Katekista alilia. Alitoa kitambaa akafuta macho. Yule mtu wa Mungu!

Nikashuka. Nikasema kwa sauti ndogo: "Bibi, hesabu yangu ni sahihi."

"Hesabu yako iko sawa kabisa," akasema. "Hata miye nilikuambia kopo saba. Njoo hapa."

Akachukua mwiko wa kukorogea sabuni, akagonga kofia ya juu, ukingoni. Hata na mawese mle ndani, iliita: ngeee. Akainama, akagonga kofia ya chini. Du. Kama kugonga ukuta.

"Umesikia? Ile ya juu njo chuma. Ya chini njo chuma na simenti."

"Simenti?"

"Babu yako njo aliipaka kwa ndani. Kopo tatu za simenti. Akailainisha na mugongo wa kijiko, akapaka lami juu. Hii ya askari inakamata kopo ine tu. Nilitaka kukuambia. Ukaniambia chumvi haijui hesabu."

Hakuna aliyecheka sasa. Wale vijana pale hawakuijua habari hiyo, na wazee waliifahamu kiasi. Bibi akakaa juu ya kile kiti changu, akakipangusa kwanza, na akaieleza.

Wakati wa vita kulikuwa na kizuizi njiani, kabla ya kuingia mjini. Mama aliyepita na gunia la chumvi lazima atoe kofia moja kwa askari. Si mkono, si kopo: kofia ya chuma, kwa sababu mkubwa wao aliiona kwa Bibi siku moja akasema chuma hakidanganyi. Lita tatu na nusu kila gunia! Na hiyo chumvi wakina mama waliitafuta kwa miguu, siku nne porini, mtu anarudi na visigino vimepasuka. Babu aliposikia, alichukua simenti kidogo iliyobaki kwake, akafanya kazi mchana mmoja. Kesho yake Bibi akaenda kizuizini na kofia ya pili.

"Na hawakujua?" Mama Yozefina akauliza.

"Mukubwa wao alikuwa na akili sana," Bibi akasema. "Akanituma nilete na ile ya kwanza, akaziweka hizi kofia mbili pamoja. Akapima upana. Akapima kimo. Akasema ziko sawasawa." Akanigeukia. "Alipima kwa inje."

Ayiii! Hapo kicheko kilirudi, na safari hii hata mimi kilinikamata, kwa sababu nilijiona nimesimama kizuizini na bunduki begani na futi yangu ya chuma mkononi. Miaka yote ile, kofia imewadanganya watu wawili tu, askari yule na Enjenia Sumaili.

Lakini Bibi alikuwa hajamaliza.

"Kila gunia, kopo tatu ilirudi na sisi," akasema. "Moja tulikuwa tunagawa kwa majirani, kidogo kidogo, kwa karatasi. Ile kofia ya kitambaa nilipimia watu, na sikumuibia muntu hata chembe. Kopo ya pili tulibadilisha na unga wa muhogo. Na ya tatu..." Akanivuta kwa mkono, na mkono wangu ulikuwa na mafuta, ukateleza, akaushika tena. "Kulikuwa mutoto hapa alikuwa amekonda, anakataa sombe ya majani ya muhogo isiyo na chumvi. Tulikuwa tunaweka chumvi ku ncha ya kijiko, analamba, njo anameza sombe. Analamba, anameza. Tukamuita Kajiko."

Nilikuwa sijui. Miaka yote hii nalichukia jina hilo, na sikuwahi kuuliza.

"Zile kopo tatu hesabu yako ilikosa, bwana yangu," Bibi akasema, "ile ya tatu njo weye uliikula."

Macho yakaniwasha, nikasema ni moshi wa jiko la sabuni. Mama Yozefina akasema ndiyo, ni moshi, ingawa upepo ulikuwa unaupeleka upande wa pili. Nikamwomba Bibi msamaha kwa lile neno la chumvi, pale pale, mbele ya imamu na katekista na wanawake wote wa Lokandu. Akanipiga kichwani na mwiko. Si kwa nguvu.

Lakini bado kulikuwa na neno la mafuta. Kopo tatu za Mama Yozefina zilikuwa nje ya tanki, na nikaona anaziangalia, na wenzake wanne wanamwangalia yeye, na ule ugomvi wa mwaka jana unanusa mlangoni. Pantalo ni pantalo, lakini kikundi kikifa kwa sababu ya saruji ya babu yangu, ningehama mji.

"Mafuta yangu imebaki inje," Mama Yozefina akasema.

"Haibaki inje," Bibi akajibu. "Inaingia mu sombe, sasa hivi, na kila muntu hapa atakula. Muntu akisema weye uko inje, amwambie na tumbo lake."

Mama Yozefina akafikiri. Halafu akaita kwa sauti yake ile, labda walisikia mpaka ng'ambo: "Nani ana sufuria kubwa?" Na mambo yakaisha. Sombe ilipikwa. Imamu hakupita tena, alikaa kabisa. Ilipoiva Bibi aliniletea kijiko, na kwenye ncha yake chumvi kidogo, na watu wote wakangoja. Nikalamba. Munataka nifanye nini? Nikalamba.

Kisha nikapewa kitenge cha majogoo. Neno ni neno. Sabuni ya mafuta ya wiki jana ilikuwa motoni, na ndiyo ninayoikoroga sasa hivi kwa mkono wa kulia, huku ninawaandikia kwa wa kushoto. Mke wangu amekuja na picha amepiga. Pantalo ameipeleka mtoni, amerudi nayo, ni ya rangi ya chungwa. Anasema inanipendeza.

Nimeuliza kama nikate tanki nitoe ile saruji. Bibi amekataa katakata. Amesema ile simenti imelisha watu, niiache pale ilipo, niongeze bomba sentimita mbili na kidogo, na safari hii nipime kwa maji, na kwa kopo, na yeye akiwepo. Ndivyo nitakavyofanya, mawese yakishatolewa. Na kama kuna mmoja wenu mwenye rangi nyekundu imebaki, anihifadhie, kwa sababu kibao nacho nitakibadilisha: KAJIKO, CHUMA NA HESABU.

Basi, ndugu zangu, nawaomba musicheke. Mukishindwa kabisa, chekeni kopo tatu tu.